Funguo za Watu Kwenye Kopo la Maziwa

Jumatatu ile Mama Kidoti hakutakiwa kuwa pale. Siku yake ya kumtembelea mama yake ilikuwa Jumamosi, miaka nenda rudi. Lakini dawa za presha za mama zilikuwa zimebaki kwenye mkoba wake tangu juzi, na steshenari anakofanya kazi hufunguliwa saa mbili. Akaona apitie mara moja, mtoto mgongoni, akabidhi dawa, aondoke mbio.

Alipokata kona, akamwona mwanamume mlangoni kwa mama yake.

Na huyo hakuwa wa kubisha hodi. Alikuwa na ufunguo. Mzee mrefu kama nguzo, shati limechomekwa, kiatu kinang'aa, akauchomoa ufunguo mfukoni na kufungua mlango kama anafungua kwake. Akaingiza kichwa ndani, akaita, "Opereta!" Ndani mtu akajibu. Mzee akacheka, akauvuta mlango, akaufunga tena, akautia ufunguo mfukoni, akaenda zake akipiga mluzi.

Mama Kidoti alijikuta amejibanza nyuma ya lori bovu lililoegeshwa hapo mtaani, hajui hata amefikaje. Kidoti, mwenye miezi tisa na meno mawili, alikuwa anamvuta sikio.

"Nyamaza mwanangu," akamnong'oneza, ingawa mtoto hakuwa amesema kitu.

Opereta ndiye mama yake. Alikaa miaka thelathini na moja kwenye ubao wa simu, vifaa vya kusikilizia masikioni, akiunganisha watu na watu, na ingawa alistaafu zamani na mume wake alishatangulia, mtaa mzima ulikuwa bado unamwita kwa kazi yake. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili. Mwanamume wa mwisho kuwa na ufunguo wa nyumba ile alikuwa baba.

Alipobisha, mama yake alifungua akiwa na taulo mabegani, nywele zinachuruzika maji.

"Ah! Leo Jumamosi imewahi?"

"Nimeleta dawa. Mama, nani alikuwa hapa?"

"Aje nani asubuhi yote hii?" Opereta akampokea mjukuu wake, akambusu kisogoni. "Eti Kidoti, nani alikuja kwa bibi? Hakuna mtu, mwambie mama yako. Hakuna mtu."

Alisema vile bila kupepesa macho. Maisha yake yote Mama Kidoti hakuwahi kumkamata mama yake kwenye uongo, na sasa huu hapa, mkavu, umesemwa juu ya kichwa cha mtoto.

Kabla hajajua aseme nini, simu iliyokuwa kwenye chaji ikalia mara mbili, ikanyamaza. Opereta akaitazama saa ya ukutani. Akavuta kijidaftari chini ya mto wa kochi, akatia alama ya vema, akakirudisha na kuukalia mto.

"Nani huyo anabipu?"

"Kampuni ya simu. Hawachoki hawa na matangazo yao."

Uongo wa pili, na chai haijachemka.

*

Ukitaka kujua binadamu wanavyofanyiana, fanya kazi kwenye steshenari. Mama Kidoti alisimama mbele ya mashine ya kutoa nakala kuanzia asubuhi hadi jioni, mwanawe amelala kwenye boksi la karatasi lililotandikwa shuka, na karatasi za watu zikapita mikononi mwake: hati za nyumba, mikataba ya kuuziana, vyeti vya vifo. Alishamwona kijana akimwongoza bibi kizee kidole gumba kwenye wino, bibi anauliza, "Hapa nimesema nini, mwanangu?" na kijana anajibu, "Wewe bonyeza tu." Siku ile alikosa usingizi. Masomo ya jioni yalimfundisha kusoma mkataba hadi maandishi madogo ya chini, na tangu hapo kila mkataba aliuonea shaka.

Sasa shaka imehamia kwa mama yake.

Akaanza kuunganisha. Mama alikuwa akilalamika magoti miaka miwili, lakini siku hizi mlangoni kulikuwa na raba mpya, soli zina tope. Tope la wapi? Mpira wa kujinyoosha ulining'inia kwenye kitasa cha chumbani. Juzi alimkuta amesimama kwa mguu mmoja jikoni, ameshika ukingo wa sinki, anahesabu. "Nanyoosha mishipa," alisema. Mwanamke wa miaka sabini na moja ananyoosha mishipa kwa ajili ya nani?

Akampigia kaka yake, anayeishi mji mwingine na mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokusalimia.

"Mzee ana ufunguo?" Kaka akafoka. "Ufunguo wa nyumba? Mdogo wangu, hapo hakuna mapenzi, hapo wanataka nyumba. Umeiona hati?"

"Sijaangalia."

"Angalia. Na mimi nilishasema, Mama hawezi tena kuishi peke yake. Chumba kwangu kiko tayari, nimekipaka rangi. Nikithibitisha tu jambo moja, nakuja na gari, tunambeba."

"Kama kabati, Kaka?"

"Kama mama. Usinitibue."

Kwa hiyo Jumamosi ilipofika, Mama Kidoti alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa mtoto mtundu. Alisubiri Opereta amtoe mjukuu nje kuota jua, akaingia chumbani, akafungua droo ya chini ya kabati.

Hati ilikuwepo. Jina la mama, muhuri, vyote. Alishusha pumzi. Angefunga droo pale pale, mambo yangeishia hapo. Lakini nyuma ya hati kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na kopo la maziwa ya unga halina kazi chumbani kwa mtu asiyekunywa maziwa.

Ndani mlikuwa na funguo tano.

Kila ufunguo ulifungwa uzi wa sufu wa rangi yake, na kila uzi ulikuwa na kipande cha kadi, mwandiko wa mama, ule mwandiko ulionyooka wa watu waliofundishwa kazini. Mama Kidoti akazisoma moja moja. *Moyo. Peke yake. Binti yuko nje ya nchi. Jicho la kushoto halioni. Hasikii mlango ukigongwa, ingia tu. Uzi wa kijani: sukari. Peke yake. Mwana hupiga Jumapili.*

Ingia tu.

Akakaa kitandani. Wazee watano, wagonjwa, wapweke, watoto wako mbali, na funguo za milango yao zimefichwa kwenye kopo kwa mama yake. Huyo mzee mrefu amemfanya mama stoo ya kazi yake chafu. Au, na wazo hili alilisukuma likarudi, mama anajua kila kitu.

Nje alimsikia mama akimwimbia Kidoti. Akazitia funguo zote kwenye begi la mtoto, chini ya nepi, akarudisha kopo tupu mahali pake.

"Mbona umepauka?" Opereta akamwuliza alipotoka.

"Joto."

Na yeye basi akawa amedanganya.

*

Jumatatu asubuhi aliwahi kazini kabla ya wateja. Alizipanga funguo juu ya kioo cha mashine, kadi zimekunjuliwa, akafunika, akabonyeza. Karatasi ikatoka na funguo tano nyeusi, kila kitu kinasomeka. Ushahidi wa Kaka. Mwajiri wake, mwanamama mnene asiyepitwa na jambo, akachungulia juu ya bega lake.

"Siku hizi tunatoa nakala za funguo? Ungeniambia nipandishe bei."

Mama Kidoti hajajibu, mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

Alikuwa Opereta. Kilemba kimekaa upande, raba miguuni, jasho limemjaa usoni. Alikuwa amekimbia. Mama Kidoti hakukumbuka kumwona mama yake akikimbia tangu siku yeye mwenyewe alipong'atwa na mbwa akiwa darasa la pili.

"Lete funguo."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, lete funguo."

"Funguo gani?"

"Usinichezee akili, mimi nimekuzaa! Nani mwingine anaijua droo yangu?"

Mteja mmoja aliyeingia nyuma yake kununua daftari akarudi nyuma hatua moja, lakini hakutoka.

"Kwanza uniambie ni za nani," Mama Kidoti akasema, na sauti ikampanda. "Uniambie yule mzee mrefu ni nani, na kwa nini ana ufunguo wa nyumba ya baba yangu, na hao wagonjwa ulioandika..."

"Mzee Kalamu hajapiga," Opereta akasema. Alisema polepole, kama anayemsemesha mtu mwenye homa. "Hupiga kabla ya saa moja kila siku. Leo hajapiga. Nimempigia mara sita, hapokei. Yuko ndani, mlango umefungwa, madirisha yana nondo, na ufunguo wake unao wewe. Ule wa uzi wa kijani. Utanisema baadaye. Utaniita polisi baadaye. Nipe ufunguo wa mtu."

Kidoti akaanza kulia kwenye boksi. Mama Kidoti alimtazama mama yake machoni akitafuta uongo, maana sasa alijua unavyofanana. Hakuuona. Aliona woga.

Akazikomba funguo kwenye kioo. "Twende."

"Boksi niachie," mwajiri akasema, ameshamnyanyua mtoto. "Nendeni, nendeni!"

Nyumba ilikuwa mitaa miwili kutoka pale, na hatua zote hizo Mama Kidoti alikuwa bado hajaamini. Inawezekana ni mtego, aliwaza akimfuata mama yake ambaye hakumpa nafasi ya kupumua. Inawezekana tunaingia kuiba, na mimi ndiye nimebeba ufunguo. Na kweli, mlangoni alikuwa amesimama yule mzee mrefu, ngumi imechubuka kwa kubisha.

"Nimemsikia," mzee akasema. "Anagonga kitu ndani. Chuma juu ya sakafu. Ufunguo uko wapi, Opereta? Dakika arobaini hizi!"

"Ulipata safari," Opereta akajibu, na hakumtazama binti yake.

Mama Kidoti akafungua mwenyewe.

Mzee Kalamu alikuwa chini, kwenye ujia wa kwenda bafuni, amelalia ubavu, kijiko mkononi. Alikuwa mzee mdogo wa mwili, amevaa pajama, na mfukoni mwa pajama mna kalamu tatu. Mama Kidoti akamrukia amwinue.

"Usimwinue!" Opereta na yule mrefu wakapiga kelele pamoja.

Akaganda. Opereta akapiga magoti, magoti yale yale ya kulalamikiwa, akaanza kuuliza kwa sauti ya kazini. Umegonga kichwa? Unaweza kusogeza vidole? Leo siku gani? Umekula? Mzee akajibu moja moja, midomo inatetemeka, ngozi imelowa jasho la baridi. Hajala tangu jana jioni. Alichoma sindano yake ya sukari kama kawaida, akaelekea bafuni anawe mikono kabla ya chai, akateleza.

"Sukari imemshuka, mkorogee," Opereta akasema bila kugeuka. "Jikoni, kopo jekundu, juu ya rafu. Maji ya uvuguvugu. Vijiko vitatu. Mrefu, kamwite jirani mwenye gari."

Mama Kidoti akaenda jikoni. Kopo jekundu lilikuwa pale pale aliposema. Akakoroga, na kijiko kikagonga glasi. Dakika arobaini. Mtu huyu alilala kwenye saruji dakika arobaini za ziada, akigonga kijiko, kwa sababu yeye alikuwa anatoa nakala za ushahidi.

*

Mama Kidoti alielezwa hospitalini, kwenye benchi la ukumbini, wakati daktari yuko ndani na mgonjwa. Aliyemweleza ni yule mrefu, ambaye watu walimwita Mrefu na hakuwa na jina jingine la kukumbukwa. Alikuwa fundi wa laini za simu, mtu wa kupanda nguzo. Wote walifanya kazi pamoja. Mzee Kalamu alikuwa msimamizi wao. Mwaka juzi mwenzao mmoja alianguka jikoni kwake siku ya Jumanne, akakutwa Ijumaa, ameshakufa.

"Tukasema, sisi tuliunganisha nchi nzima, tushindwe kuunganishana sisi saba?" Mrefu akasema. "Kila asubuhi, kabla ya saa moja, kila mtu anambipu Opereta. Milio miwili, unakata. Yeye anatia vema. Akimaliza ananibipu mimi. Asiyebipu anapigiwa. Asiyepokea, tunakwenda. Ile Jumatatu yeye mwenyewe hakubipu, simu imezima, anaosha nywele! Nimekwenda roho mkononi."

"Na jioni tunatembea," Opereta akaongezea. "Uwanjani kule kwenye tope. Mguu ukikaa, unakusahau."

"Kwa nini hukuniambia?"

Opereta akamgeukia. "Kazini tulikula kiapo. Unachosikia kwenye laini hakitoki nje. Wenzangu wamenipa magonjwa yao na milango yao. Halafu ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningefurahi."

"Ungempigia kaka yako. Naye angesema, unaona, mpaka anahitaji kuangaliwa kama bado yu hai. Angekuja na gari."

Mama Kidoti akakiwaza chumba cha kwa Kaka. Rangi ya chumba kile ilishakauka zamani, na yeye alijua, na hakuwahi kumwambia mama yake.

Mlango wa ukumbi ukasukumwa, akaingia jamaa wa makamo mwenye sare ya ulinzi, redio ya upepo kiunoni. Alikuwa mwana wa Mzee Kalamu, msimamizi wa walinzi. Akapita moja kwa moja kwa baba yake, wao watatu wakamfuata hadi kitandani. Mzee alikuwa na dripu mkononi na rangi usoni. Mguu umeteguka, nyonga nzima, na daktari alisema kwamba sukari ile ingeachwa hadi adhuhuri, habari ingekuwa nyingine.

Mwana akasikiliza. Kisha akageuka, akawapima mmoja mmoja kama watu anaowakagua mizigo getini.

"Mlango umevunjwa na nani?"

"Haukuvunjwa," Mrefu akasema.

"Basi mliingiaje? Kitasa kile nilikifunga mimi. Ufunguo ninao mimi na baba." Macho yakashuka, yakatua kwenye mkono wa Mama Kidoti, ambao tangu asubuhi ulikuwa haujafumbuka, na uzi wa kijani unachungulia kati ya vidole. "Dada, wewe ni nani? Na ufunguo wa nyumba ya baba yangu umeupata wapi?"

Mama Kidoti aliitambua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe, ya asubuhi ile, mbele ya mteja wa daftari. Mzee Kalamu alikuwa akimtazama kutoka kwenye mto, anatikisa kichwa kidogo sana: usiseme.

"Nimeuiba," akasema.

"Nini?"

"Nimeuiba kwa mama yangu, Jumamosi. Nilidhani ni majambazi hawa. Baba yako alimpa mama yangu ufunguo ili siku akianguka aokolewe, mimi nikauchukua, ndiyo maana amekaa chini muda wote ule. Ukitaka mtu wa kumpeleka polisi, nipeleke mimi. Hawa waache."

Mwana akamgeukia baba yake. "Ukampa ufunguo mtu baki, mimi hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenipandisha kwako ghorofa ya nne," Mzee Kalamu akasema, sauti nyembamba lakini haina mchezo, "nikae natazama ukuta mpaka urudi zamu. Wewe hunipigia lini?"

"Jumapili. Kila Jumapili, Baba, sijawahi kukosa."

"Hujawahi. Leo siku gani?"

Yule mlinzi akaishika redio yake kama inayoweza kumjibia.

"Nitawachunguza," akasema hatimaye. "Nyote. Namba zenu, mnapokaa, kila kitu."

"Chunguza," Mama Kidoti akamwambia. "Chunguza kuliko nilivyochunguza mimi. Funguo tu usiziguse."

Opereta akanyoosha mkono, na binti yake akamkabidhi zote tano. Opereta akazihesabu mbele yake, moja, mbili, hadi tano, halafu akarudia tena. Iliuma, lakini Mama Kidoti alisimama akahesabiwa.

Nje kulikuwa na jua kali. Opereta alisimama kwenye ngazi, akapanga kilemba chake.

"Mpigie kaka yako," akasema.

"Nikifika nyumbani, Mama, nitamweleza vizu..."

"Sasa hivi. Weka spika, nisikie unavyonisema."

"Huniamini?"

"Bado."

Mama Kidoti akapiga. Kaka akapokea kabla mlio haujaisha.

"Enhe! Umekuta nini?"

"Nimekuta mama yetu amekimbia mitaa mitatu kuja kunigombeza. Nimekuta anajua sukari ya mtu mwingine iko kopo gani. Leo ameokoa mtu, Kaka. Haendi popote."

"Wamekulisha nini hao watu?"

"Sijala tangu asubuhi."

"Nakuja mwenyewe Jumamosi. Kuna kitu hapo, na nitakijua."

"Njoo. Uje asubuhi mapema, ukae mpaka jioni, uvae raba."

"Raba ya nini? Hebu mpe simu Mama."

Mama Kidoti akamnyooshea simu. Opereta alikuwa ameshashuka, ameketi kwenye ngazi ya mwisho, amefungua kijidaftari juu ya goti, anaandika kitu mbele ya jina la Mzee Kalamu huku Mrefu akimsomea saa. Hakuinua hata kichwa.

"Mwambie niko kazini," akasema.